Mwani wa Zuhura

Tinde, Jumatatu

Zuhura amelia leo, na kosa ni langu. Mimi ndiye somo wake, ninayemwandaa kwa harusi. Nimempaka mwani tulioletewa na shangazi yake kutoka Tanga, nikamfunga kanga mwili mzima ili ang'ae siku ya harusi. Hata hajatulia akapiga kelele, ngozi inamchoma.

Nikamfungua mbio. Kanga nikaitupa uani, ndama wa jirani akaivamia kuilamba. Mama Masanja, mwenye ndama, akacheka: "Somo, umemkoleza chumvi bibi harusi!"

Imeniuma. Na kama ngozi haitapoa kabla ya Ijumaa...

Hapana, siachi. Kesho nitausuuza mwani upya, nimpelekee ndama kwanza. Akiulamba, bado una chumvi, narudia kuusuuza. Akigeuza uso, naufunga mkononi mwangu. Zuhura atakuwa wa mwisho.