Ndege Hawali Majani Chai

Jumatano, 14 Desemba

Nepi bado mbichi. Ukungu umekalia Manyatta tangu Jumapili. Nimezianika juu ya moto jikoni, zinuke moshi lakini zikauke. Nimechuma majani chai, nikamnyonyesha Njeru pale kwa mpaka wa shamba, nikachuma tena. Mgongo unauma.

Baadaye praktisi ya Sande Skuli. Mwalimu Marigu ndiye msimamizi wetu. Alistaafu kufundisha lakini sauti haikustaafu. Akaniita kando. Vijana wa parishi wanaenda misheni Kiambere baada ya Krismasi, wiki nzima karibu. Kutakuwa na darasa la watoto. Nilishike mimi. Likienda vizuri, wazee wa kanisa watanisimamisha mbele ya watu mwezi wa kwanza niwe mwalimu kamili. Nikiharibu, wadogo wangu wa Jumapili wanapewa mtu mwingine. Alisema hivyo hivyo, bila sukari.

Nataka. Sijui kama ni dhambi kutaka kitu hivi. Niliacha shule kidato cha pili na mimba. Nikatolewa kwa meza ya Bwana mpaka siku tulifunga ndoa na Muriithi. Tangu hapo mimi ni Mama Njeru. Ni jina zuri. Lakini wale watoto wakiniita mwalimu nageuka haraka sana.

Ijumaa, 16 Desemba

Cucu amekataa.

Mama mkwe wangu, namwita Cucu, yaani nyanya, kama vile mtoto atamwita. Njeru amepewa jina la baba mkwe, marehemu. Kwa hivyo kwake huyu si mjukuu, ni bwanake. Anamwamkia asubuhi, "Mzee wangu umelalaje?" Akikojolewa anasema bwana amerudi na tabia zake.

Leo amesema bwana yake haendi kulishwa mbu huko Kiambere. Nikasema bado ananyonya, siwezi kumwacha. Akasema basi jibu ninalo.

Nimelia kwa majani chai. Hakuna mtu ameona.

Jumapili, 18 Desemba

Darasa la Kiambere limetangazwa kanisani. Jina langu likasomwa na Mwalimu Marigu. Nilisimama na mtoto mgongoni. Mzee Nyaga, yule mzee wa kanisa wa upande wetu, amesema nje kwa mlango, na mimi nasikia, "Mtoto atafundisha watoto?" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya. Lakini nilikisikia mpaka nyumbani.

Muriithi alikuwa amekuja kutoka Embu, kazini. Nikamwuliza anasema nini. Akasema yeye hawezi kuingia kati ya mama yake na bwana yake. Anafikiri ni mchezo.

Ijumaa, 23 Desemba

Nimekata blanketi kuukuu katikati, liwe ubao wa picha wa darasa. Nimeshona pindo. Picha zake ni vitambaa, unabandika na vinashika. Mfano wa mpanzi. Kuna mpanzi mwenyewe, njia, mawe, miiba, udongo mzuri. Na ndege. Nimekata ndege wengi weusi kutoka kwa sketi yangu ya shule. Ilikuwa imekaa bure kwa sanduku. Niliogopa itaniuma kuikata. Haikuniuma.

Cucu alinitazama tu akitoa maharagwe maganda. Akasema tu kwamba ndege mmoja hana mguu.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Chapati, nyama kidogo. Njeru amenyonya mfupa.

Cucu ameweka kikombe chini akatangaza, kama anasoma habari kwa redio: bwana yake akienda, yeye anaenda naye. Nani atamfukuzia mbu? Mimi? Mimi nitakuwa naimba.

Nilitaka kumkumbatia. Hatukumbatiani na mama mkwe. Nikamwongezea chai.

Jumanne, 27 Desemba

Kiambere. Tumeletwa na lori la mwenye kununua mahindi. Baada ya Embu barabara inateremka, joto linapanda. Cucu amevaa sweta mpaka mwisho. Anasema hawezi kuvua nguo kwa nchi ya watu.

Kanisa ni la mabati na udongo, dogo, safi. Mwinjilisti Ireri ametupokea na uji mzito. Kutoka mlangoni unaona maji ya bwawa, bluu, na ng'ambo ni kukavu. Ajabu. Maji yote hayo na nyasi imeungua.

Njeru ana vipele vya joto shingoni. Nimempaka mafuta. Cucu ananiangalia. Anangoja nikosee.

Jumatano, 28 Desemba

Wametokea watoto watatu. Watatu! Mmoja ni wa mwinjilisti mwenyewe, mwingine ana homa, mwingine alikuwa amefuata mbuzi.

Tulikuwa tumetandika mikeka kanisa zima. Uji wa darasa zima umepoa sufuriani. Nimeimba na watatu kama wazimu.

Watoto wako wapi? Wako kwa mwere. Mwere ni mawele, ndiyo chakula cha hapa, na sasa yameiva. Vindege vidogo vinakuja kama wingu, shamba linaisha asubuhi moja. Kila mtoto amepewa shamba lake, amepanda juu ya kichanja cha miti na kombeo mkononi, anarusha udongo na kupiga kelele tangu kupambazuke mpaka jua lishuke. Hii ndiyo likizo yao.

Hakuna mtu kwetu aliwaza hivyo. Ndege hawali majani chai. Mwalimu Marigu alituma kuuliza kama shule zimefungwa. Mwinjilisti akajibu ndiyo, zimefungwa. Hakuna aliyeuliza watoto wako wapi. Leo wametazamana wawili hawa, kila mmoja anangoja mwingine aseme pole.

Vijana waliotembea nyumba kwa nyumba wamekuta kuku tu.

Mzee Nyaga anakuja Ijumaa kuona kazi. Atakuta nini? Blanketi.

Alhamisi, 29 Desemba

Siku mbaya. Niandike upesi ndio nimalize.

Nilisema kama watoto hawaji, naenda. Nikafunga blanketi kwa leso nikaenda shamba la karibu. Kwa kichanja kulikuwa na msichana anaitwa Wanjira, labda miaka kumi na moja, mikono myembamba lakini kombeo lake linalia kama mjeledi. Nikaanza wimbo wa ishara za mikono. Akajibu. Shamba la pili wakajibu. La tatu. Wimbo ulitembea juu ya mwere, kutoka kichanja mpaka kichanja, na mimi chini nacheza kama mama harusi. Nilifurahi! Niliwaita washuke wote wakuje waone picha. Wakashuka.

Nilikuwa nabandika mpanzi tu. Ndipo nikasikia kitu kama mvua. Hakukuwa na mvua. Ni ndege walikuwa wanashuka.

Wanjira akatupa picha akakimbia analia. Wote wakakimbia. Upande mmoja wa shamba lao masuke yamebaki vijiti. Mama yake, Mama Wanjira, alikuja kutoka mtoni na mtungi mgongoni. Hakunitukana. Aliokota suke moja akalipangusa kwa kidole, akasema, "Mwalimu, hao umewalisha. Na hawa wangu je?"

Nimesema pole, pole, pole, mpaka neno likaisha maana.

Mwalimu Marigu amesema nipumzike, kesho yeye ataongea na Mzee Nyaga. Najua maana yake. Imekwisha.

Nimekaa nyuma ya kanisa na Njeru ananyonya. Nilidhani nimekuja kuwapa kitu hawa watu. Nimewanyang'anya chakula. Najichukia leo.

Ijumaa, 30 Desemba

Niliamka kukiwa bado giza, nikaenda kwa Mama Wanjira. Sikubeba blanketi. Nikamwomba kombeo. Akanitazama kutoka kichwa mpaka viatu, akanipa.

Siwezi kabisa. Bonge la kwanza la udongo lilipiga kichanja. La pili lilienda nyuma. Wanjira alicheka akaziba mdomo. Basi nimetumia sauti, nimepiga debe, nimekimbia mistari yote. Jua likapanda. Hapo nikasikia mtu analia "Haaaiiii!" upande wa pili wa shamba. Cucu! Sweta amevua, hatimaye, amelifunga kiunoni. Njeru yuko mgongoni kwake anacheka kila akipiga kelele. Anasema bwana yake alikuwa anapenda vita.

Sikumwita. Alikuja mwenyewe.

Saa ya uji Mama Wanjira alituletea kibuyu. Tukakaa. Cucu akamwambia huyu msichana wangu ana haraka lakini hana moyo mbaya. Nilijifanya nashughulika na mtoto. Mama Wanjira akafikiri, halafu akasema kitu rahisi sana, ni vile sikukiona. Kwamba sisi wageni ni wengi, tuna miguu na midomo. Tukishika mashamba asubuhi moja, watoto watashuka. Si watoto ndio wanatakiwa kanisani? Basi wakubwa wafukuze ndege.

Nikakimbia mpaka kanisani. Mzee Nyaga alikuwa amefika, suti nyeusi, viatu vimejaa vumbi, anakunywa chai na Mwalimu Marigu. Walikuwa wananiongelea, walinyamaza. Nilisema yote kwa pumzi moja. Ya jana pia. Sikuficha.

Mwalimu Marigu akasema hakuja Kiambere kurusha mawe. Mzee Nyaga akauliza hayo mashamba ni makubwa kiasi gani. Hakusema ndiyo. Hakusema la. Sijui nilale vipi.

Jumamosi, 31 Desemba

Wamekuja wote.

Mama Wanjira alitugawa kama jemadari. Kijana wa ngoma huku, sopirano kule, nyinyi wawili mnaopendana mtenganishwe. Mzee Nyaga alivua koti akalitundika kwa mti wa miiba, akapewa kichanja cha Wanjira. Kikalia kwaa! Wanjira akamwambia kama babu yake, "Guka, usitingike, utaanguka na dini yako." Nilitaka ardhi inimeze. Mzee alicheka mpaka akashika mti.

Watoto wakaja kanisani. Mikeka ilijaa, wengine wakakaa mlangoni. Walikuwa na mikono ya vumbi na macho ya watu waliokosa usingizi. Nikawapa uji kwanza. Nikabandika mpanzi. Nikabandika njia. Mbegu. Wametulia kabisa. Nikabandika ndege wangu weusi.

Kanisa lote likasimama likapiga kelele "Haaaiiii!" Mmoja akarusha kandambili. Ndege asiye na mguu akaanguka.

Nilicheka nikashindwa kuendelea. Wakacheka. Tulipotulia, Wanjira akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, huyo mkulima hakuwa na watoto?"

Nikasema nini? Kitabu cha walimu hakina jibu la hilo. Nikasema sijui. Nikasema labda walikuwa wameitwa mahali pengine. Akatikisa kichwa, akamwonea huruma yule mkulima wa kitambaa.

Kwa dirisha nilikuwa nasikia wakubwa wote wanapiga kelele mashambani. Sauti ya Mwalimu Marigu ndiyo ilikuwa juu ya zote.

Jumapili, 1 Januari

Ibada fupi, alfajiri, ndege hawajui Jumapili. Halafu lori. Mama Wanjira amempa Cucu suke la mwere na kombeo la katani. Wamekaa chini wakisuka na kufumua mpaka Cucu akajua namna yake. Wanjira alikuwa juu ya kichanja. Nilipunga mkono. Alizungusha kombeo hewani bila jiwe.

Hakuna mtu aliniambia kitu njiani. Mzee Nyaga alilala, mkono wake wa kulia umevimba.

Alhamisi, 5 Januari

Wazee wanakutana leo. Nimefua. Nimechuma. Nimeunguza ugali, mimi! Cucu amekula bila neno.

Nasikia kuna mwingine ametajwa, dada mmoja aliyesoma mpaka mwisho na ameajiriwa shule ya nasari. Ni mpole, watoto watampenda. Nimejaribu kuomba awe yeye kama ni mapenzi ya Mungu. Sikuweza kumaliza hayo maombi. Nimesema amina katikati.

Jumapili, 8 Januari

Baraza liliniita kabla ya ibada. Wazee wamekaa kwa benchi, mimi nimesimama, Njeru amevuta kitambaa changu cha kichwa chote.

Mwalimu Marigu akasema ukweli. Kwamba Alhamisi ile niliharibia watu mwere kwa kukosa kufikiri. Kwamba Jumamosi darasa lilijaa. Hakuongeza, hakupunguza. Mzee Nyaga akaniuliza nimejifunza nini. Nilikuwa nimekariri jibu zuri, lenye mistari ya Biblia. Likapotea. Nikawaambia swali la Wanjira.

Mzee Nyaga akajikuna mkono. Akasema kwamba kabla hatujapeleka kitu popote tena, huyu mama atumwe kwanza aulize watoto wako wapi. Na hapa kwetu pia, wale wasiokuja Jumapili. Aende nyumba kwa nyumba, aulize.

Ndivyo nilijua nimekubaliwa.

Nimesimamishwa mbele ya kanisa. Nimewekewa mikono. Darasa la wadogo ni langu, na hiyo kazi ya kuuliza. Dada wa nasari atafundisha wakubwa. Amenishika mkono.

Jumatatu, 9 Januari

Ukungu. Nepi juu ya moto.

Nimeanza na nyumba ya chini, kuna wavulana wawili hawajawahi kuja. Nimeuliza mama yao wako wapi siku ya Jumapili. Ameshangaa. Amesema hakuna mtu ameuliza. Wanapeleka maziwa. Nimekaa, nimekunywa chai yake, nitarudi.

Kwa majani chai ndege wameruka mbele yangu, wawili tu. Nimejikuta natafuta udongo chini.

Jioni Cucu alikuwa mlangoni anasuka kombeo dogo sana, la mkono wa mtoto. La bwana yake. Amelitundika kwa msumari pale ninapotundika blanketi. Akasema, bila kuniangalia, kwamba yule ndege wa kitambaa bado anangoja mguu.

Nimetoa sindano.