Mwanamume wa Ukutani Uani Kwetu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie upesi kabla sijaivunja nyumba ya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mama yake Radiša, fundi wa matrekta, na sijisifu bure, uliza mtu yeyote hapa kwetu karibu na Vršac, trekta likizima wajinga wanapiga ishara ya msalaba, wenye akili wanamwita mwanangu. Sasa kijana huyu akamwoa Tijana, kazi yake kupanga taa kwenye bustani za watu, na tangu aingie ua wetu umejaa taa, moja chini ya mzabibu, ndogo ndogo kwenye ngazi, nyingine kailaza chini mbele ya mti mchanga wa peasi inatazama ukuta wa ghala, lakini penye benchi kaacha giza totoro. Nikamwuliza, “Mwanangu, hapa umesahau?” Akacheka. “Sijasahau, mama. Giza nalo hupangwa.” Umesikia hilo? Mke wa mtu apange giza la nini? Hata jirani yangu Stojanka kaniambia, “We Milojka, mkamwana wako anangoja ndege itue uani, au anangoja mtu?”

Sasa Radiša yuko Zrenjanin kwenye mavuno ya mahindi, na juzi jioni upepo wa Košava unavuma nikachungulia dirishani, nikamwona mwanamume ukutani mwa ghala, mrefu hadi paani, mabega kama mlango, anainama, anatikisa kichwa, na kule kwenye benchi nasikia Tijana anacheka kwa sauti ya chini. Nikatoka na ufagio, simwoni mtu, ni Tijana tu na simu yake sikioni. Narudi dirishani, yule bwana yupo! Jana upepo ukatulia, naye akasimama kimya, hatikisiki, kama mwizi aliyesikia mlango. Jumamosi ni Slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, Radiša anarudi na ukoo wote unakuja. Nimwambie mbele yao, au nitafute mashahidi kwanza?

Mama Radiša

JIBU

Mama Radiša, weka ufagio chini ukae. Uchungu wa mwana naujua, nami ninao watatu. Lakini niambie, ni mwanamume gani huyo anayetikisika upepo ukivuma na kuganda upepo ukitulia? Huyo ana mizizi, mama. Taa ikilazwa chini mbele ya mti, kijiti tu hutupa kivuli kikubwa kuliko ghala, na mkamwana wako kaiweka pale makusudi ili ukuta mtupu upendeze. Giza nalo ni la makusudi: ua ukiwaka wote kama kituo cha mafuta, macho hayajui pa kutua. Tena, usinikasirikie, dirisha lako linatazama benchi lile. Mtu aliyeolewa ana haki ya kukaa mahali ambapo mama mkwe hamwoni. Alikuwa anacheka na nani kwenye simu? Mimi sijui, wewe hujui, na kutojua si ushahidi.

Leo jioni nenda ukanyanyue mikono mbele ya taa hiyo, uone utakavyokuwa jitu. Kisha mwombe Tijana akufundishe kuiwasha na kuizima. Stojanka mpe kahawa, habari usimpe. Na Jumamosi, mbele ya ukoo, funga mdomo wako, ufungue kwa kukaribisha tu. Kivuli kile kitaondoka taa ikizimwa. Neno utakalolisema mezani halina swichi.