Nyumba ya Mama Baada ya Ramani Yako

Kwa Mama Genoveva,
Daudi, Mbulu,
Manyara.
9 Februari, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kenneth,

Shikamoo yako ya Jumapili niliisikia kabla mtandao haujakata, kwa hiyo marahaba. Habari za huko Uholanzi? Baridi imepungua kidogo? Wifi hajambo? Na Lucia, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kama bibi kizee? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua ni za wastani, mahindi yamefika kiunoni. Shemeji yako Yoakimu yuko kwetu Nangwa, anapalilia maharage peke yake, maana mimi mkewe nimehamia huku kwa Mama tangu Desemba. Sababu utaisoma mbele.

Barua hii nimempa Sista Mectilda anayekuja huko masomoni. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu siwezi kusema, Kenneth. Ukipiga, lazima niweke sauti ya wote, na Mama anakaa pembeni yangu ameinamisha kichwa asipitwe na neno lako hata moja. Ukiuliza nyumba inaendeleaje, anawahi yeye kujibu kwamba ni nzuri sana, Mungu akuzidishie. Mimi nabaki nimeyafumbata yangu mdomoni. Leo nayatema, na usinikatishe.

Nyumba si nzuri. Nimekasirika nayo tangu Novemba, nimekasirika na wewe, na kidogo nimejikasirikia mwenyewe. Nitafika huko.

Naijua ilivyoanza, sitakusingizia. Ni mimi niliyekupigia mwaka juzi nikilalamika, siku ile nyoka alipodondoka kutoka kwenye paa la udongo akatua ndani ya sufuria ya makande. Nilikuambia nyumba ya Mama imekuwa ya kila mwenye miguu na asiye na miguu. Ukasema hiyo ndiyo kazi yako hasa, kukagua majengo ya zamani wanayokaa watu na wanyama na kuyapanga upya ili kila mmoja apate nafasi yake. Nilijivuna. Mpaka kanisani nilisimulia.

Ukatuma picha za kazi zako: yale matofali yenye matundu ya ndege, na lile kanisa la zamani ambalo mmewaachia popo chumba chao juu. Nilimweleza Mama picha moja moja. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kwani ndege wa huko hawana mtu wa kuwaachia mlango wazi.

Halafu ikaja fomu yako ya tathmini. Hapa sasa nasema kosa langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Uliandika niorodheshe wote wanaotumia jengo. Nikajaza: Mama, ng'ombe watatu nyuma ya kizuizi cha miti, mbuzi watano, kuku. Chini palikuwa na mstari wa wanyamapori. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, akaniambia andika mbayuwayu wa mlangoni, na andika kanu wa darini, yule mnyama wa madoa kama paka wa porini. Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa.

Wewe umesahau huku tunavyojibu fomu. Huku karatasi ikikuuliza una kitu fulani, ujue kuna mtu atakuja kukiangalia. Tulipohesabiwa mbuzi, mwezi uliofuata tukaambiwa ni wengi, tupunguze. Nikijaza kwamba bibi kipofu analala na mnyama wa porini juu ya kichwa chake, si atatokea bwana wanyamapori na gari? Kwa hiyo nikamkinga Mama kwa kuandika hakuna. Nilijiona nina akili sana siku ile.

Lakini Kenneth, wewe ulizaliwa mle ndani. Ulilala chini ya wale ndege mpaka ulipoenda sekondari. Uliposoma HAKUNA hukushtuka? Mimi nilidanganya karatasi, sawa, ila wewe uliamini karatasi ukaacha kujiamini mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Ramani ikaja. Ilikuwa nzuri, ina rangi, ina mshale wa kaskazini, ina mhuri. Fundi Clement aliitundika ukutani akawa anaisoma kama mwalimu. Julai na Agosti wakafanya kazi: paa la udongo likashushwa, bati likapanda, kuta zikapigwa plasta, matundu yote yakazibwa, juu ya mlango pakawekwa wavu, na ule mlango wa vipande viwili, cha juu na cha chini, ukawa mmoja wa chuma. Ng'ombe wakahamishiwa banda jipya, hatua arobaini kutoka nyumbani, upande upepo unakoelekea ili Mama asinuse mavi.

Wewe uliondoka Mama akiwa bado anaona, kwa hiyo ngoja nikueleze anavyoishi, maana hata mimi sikujua mpaka vitu vya zamani vilipoondolewa. Presha ya macho ilipommaliza, hakuna aliyemfundisha kutembea. Alijifundisha kwa ile nyumba. Kiota kilikuwa juu ya kizingiti, na vifaranga vikilia alijua mlango uko pale. Ndege wakitoka, kumekucha. Wakiingia kwa wingi mchana, mvua iko karibu, anaanua nguo. Wakipiga kelele za hasira, kuna nyoka, anakaa juu ya kitanda anaita watu. Kushoto pumzi za ng'ombe, huko ndiko ukuta wa nyuma. Alikuwa anazunguka mle ndani na sufuria ya moto bila fimbo. Sasa nyumba imenyamaza, na ana kovu kwenye paji la uso alilopewa na mlango wako wa chuma.

Na bati. Ulifikiria bati kwa mtu asiyeona? Mvua ikinyesha, Mama anakuwa kipofu na kiziwi kwa pamoja. Anakaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili mpaka ipite. Lile paa la udongo lilikuwa linavuja, nakubali, lakini mvua ilipita juu yake taratibu na Mama aliendelea kuongea.

Mbayuwayu walirudi Novemba kama kawaida yao. Walikuta wavu. Siku nne walizunguka mbele ya mlango, na Mama ameketi kizingitini akiwasikiliza. Siku ya tano wakaenda jikoni kwa Verediana, jirani wa chini. Unajua Mama alifanya nini? Aliwafuata. Kila asubuhi anachukua fimbo, anashuka kwa Verediana, anakaa barazani chini ya kiota mpaka jioni. Verediana ni mtu mzuri, hajasema kitu. Lakini watu wameanza kuuliza kwa nini mama mwenye nyumba ya bati anashinda kwa jirani.

Tena kanu. Ni kweli alikuwa anakula kuku wetu wawili kila mwaka, na Mama alikuwa anasema hiyo ni kodi yake. Lakini panya tulikuwa tunawasikia kwa jirani tu. Ulipomfungia nje, panya wakaingia kupitia mfereji wa maji machafu uliouchora wewe, na sasa wana nyumba yao ya kisasa. Nyoka hajaingia tena, sikatai, hilo umefaulu. Lakini Mama amekula mahindi yaliyotafunwa na panya mwezi mzima.

Desemba fisi wakala ndama. Banda umeliweka kando ya korongo, na korongo lile ni njia ya fisi tangu babu yetu hajaoa. Ndiyo maana wazee walichimba nyumba mlimani wakalala na ng'ombe wao ndani. Hata wewe unaijua ile njia. Fundi Clement anaijua kuliko sote, maana alizaliwa ng'ambo yake. Nilimuuliza kwa nini alijenga pale akijua. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga, akasema, "Dada, ramani ilikuwa na mhuri." Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Hapa wazee walikuwepo, walikuja kuangalia msingi, wakasifia, na hakuna aliyefungua mdomo kwa sababu ni karatasi ya msomi kutoka Ulaya. Baada ya ndama ndipo nilipofunga mizigo yangu Nangwa nikaja.

Sasa sikiliza kinachonikera kuliko vyote. Dawa ninayo. Nimekaa na Clement siku mbili, tumepima kila kitu, na safari hii tumejaza orodha ya kweli. Wavu wa juu ya mlango utoke, na mlango urudi kuwa wa vipande viwili. Chini ya bati tuweke miti, nyasi na udongo kama zamani, lisivuje na lisipige kelele. Tundu la kanu lifunguliwe tena darini upande wa ghala, na chini lisipitike, asishuke kwa kuku. Mfereji uwekewe wavu, huko ndiko kwenye kazi ya wavu. Banda livunjwe, ng'ombe warudi ubavuni mwa nyumba, ukuta kwa ukuta, Mama awasikie. Clement yuko tayari, na anataka amalize kabla ya mvua kubwa za Machi.

Lakini Mama amekataa. Alipomsikia Clement anagonga wavu kwa nyundo alitoka nje akamwambia ashuke kwenye ngazi. Alisema nyumba aliyojengewa na mtoto wake haibomolewi na mtu mwingine, na kama ina shida, shida ni ya macho yake. Nilibembeleza, nikanuna, nikamwita Padre. Padre naye akaambiwa vizuri tu aende. Unamjua mama yako. Ataugulia ndani ya zawadi yako kuliko kukwambia kwamba zawadi inambana.

Kwa hiyo ruhusa iko kwako, mdogo wangu, na haiko kwa mtu mwingine yeyote hapa duniani. Nataka upige simu. Usiniulize mimi mbele yake kama nyumba ni nzuri, maana ukiniuliza tena hivyo nitakata. Mwambie yeye, kwa mdomo wako, kwamba ulikosea ramani na unaomba Clement airekebishe. Usiseme ni mimi niliyelalamika. Usimweleze mambo ya kitaalamu. Na usiseme utatuma ramani nyingine, tafadhali sana, nakuomba kama dada yako. Ukitaka kuchora tena, njoo. Funga macho na kitambaa, kaa mle ndani siku moja mvua ikinyesha, halafu ndipo ushike kalamu.

Najua maneno yangu ni makali. Nimeyaandika mara mbili, na ya kwanza yalikuwa makali zaidi. Sijasahau kwamba ulikuwa unamfikiria. Ungekuwa humpendi nisingehangaika na wino.

Yoakimu anakusalimu, anasema akija kukuona ataleta maharage. Verediana na mumewe wanakusalimu. Agatha wa shangazi kajifungua salama mtoto wa kike. Fundi Clement anakusalimu kwa aibu. Msalimie sana wifi, na umbusu Lucia kwa ajili ya shangazi yake.

Mama naye anakusalimu. Anadhani naandika habari za mahindi. Jana jioni nilikuwa nasonga ugali nikasikia mtu anapiga hodi. Sikugeuka, nikasema subiri kidogo, nikijua ni jirani amefuata moto. Akapiga tena, taratibu, kwa adabu. Nilipokwenda kufungua nilimkuta Mama, amerudi kutoka kwa Verediana, amesimama nje ya nyumba yake na fimbo mkononi, anasubiri akaribishwe.

Mungu akulinde huko uliko, akupe na ujasiri wa kupiga hiyo simu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Ludovika