Mgomba Uliovaa Koti

Kitale, Jumatatu, saa nane mchana.

Mvua ya leo ni ya uvivu, haikatiki wala hainyeshi kwa nguvu. Nimerudi kutoka shuleni mapema. Karatasi za Kidato cha Tatu ziko mezani, hazijasahihishwa, na sina moyo nazo. Tangu Jumamosi sina moyo na chochote.

Jumamosi nilimpeleka mama kutazama filamu.

Wacha niiandike vizuri, kwa sababu kosa ni langu. Mama alikuwa amekuja kutoka Lugulu kukaa nasi wiki moja. Kijana mmoja wa Kimilili alikuwa anaonyesha filamu yake mchana, katika ukumbi wa kanisa hapa mjini, na waandaaji waliniomba niongoze mazungumzo baadaye, mimi mwalimu wa fasihi. Niliposikia kwamba filamu yenyewe ni ya Kibukusu, nikaona mama atafurahi kusikia lugha yake mahali kama pale. Sikuuliza inahusu nini.

Inahusu mgomba.

Kwetu, mtu akipotea na mwili wake ukakosekana kabisa, shina la mgomba hukatwa likazikwa mahali pake, ili naye apumzike na walio hai waendelee na maisha. Katika filamu, familia inauogesha mgomba na kuuvisha koti. Unawekwa ndani ya jeneza. Kisha koti linaanza kupanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Waombolezaji wote wanaona. Hakuna anayesema kitu. Wanaimba, majani ya mgomba yanawatoka vinywani badala ya maneno, na wanaendelea kuimba hadi udongo unafunika kila kitu. Mwishowe mkono unatokea chini ya meko, unashika kikombe, na mama wa nyumba anaumiminia chai bila kushtuka.

Ikaisha hapo. Taa zikawashwa.

Mdogo wangu Simiyu alikuwa dereva wa lori. Alipakia mahindi katika mji wa Moi's Bridge akaelekea kaskazini. Lori lilipatikana, yeye hakupatikana. Miaka sita. Mwaka jana tukamzikia mgomba, tena katika koti lake la kijivu.

Mama hakutaka. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia ni kwa ajili ya amani yake, na wazee waliniunga mkono. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kupokea simu yake kila jioni akiniuliza kama Simiyu amepiga.

Basi pale ukumbini watu wakaanza kufasiri. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni ushetani mtupu na haufai kuonyeshwa katika nyumba ya Mungu. Vijana wa nyuma walicheka. "Ati mti inapumua? Bana, huyu director alivuta nini?" Wifi yangu Njeri, dada ya mume wangu, ambaye kwao hawana desturi hii, alisema anadhani ni habari ya wakulima na ardhi. Mtengenezaji mwenyewe alikuwa anatabasamu tu, na lile tabasamu lake liliniudhi sana.

Kisha wakanigeukia mimi.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwamba nyumbani kwetu kuna kaburi la namna hiyo. Lakini nilikuwa nimevaa nguo nzuri na watu walikuwa wananiangalia, kwa hiyo nikasimama nikaeleza kwamba mgomba si mtu, ni ishara tu, ishara ya taifa lisilotaka kukumbuka. Walinipigia makofi. Mama alikuwa kiti cha mbele, mikono juu ya mkoba wake, hakupiga.

Tulitembea kurudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika langoni ndipo aliponiuliza.

"Sasa mwalimu, kwa hivyo hata huyu kijana yangu ni ishara tu?"

Nilimwambia, "Mama, si hivyo." Akasema, "Haya," akaingia ndani kuvua viatu. Jana asubuhi akarudi Lugulu, siku tatu kabla ya siku aliyopanga, na sikumzuia.

Leo amepiga simu wakati wa mapumziko ya saa nne. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nekesa, nimeleta kiti hapa kaburini, kando yake. Nasikiliza tu. Usiambie watu."

Mimi niliyekuwa na maneno yote Jumamosi, nilisimama kwenye veranda ya shule nikilia, na wanafunzi wakipita wananiamkia.

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Kesho naenda Lugulu. Nitabeba kiti changu mwenyewe nikae naye, na asiponiuliza kitu sitasema kitu.

Lakini kuna jambo moja lazima nimwambie, na naliandika hapa ili kesho nisirudi nyuma. Siku ile ya mazishi, kabla hawajafunika jeneza, mimi ndiye niliyefunga vifungo vya koti la Simiyu. Nilipomaliza cha mwisho niliuacha mkono wangu juu ya kifua. Watu walidhani naomba.

Nilikuwa nangoja kuona kama kitapanda.