Jina Lililomo Ndani ya Spoila: Kumbukumbu ya Baba Yetu, Engkus Wiratma

Baba, mwaka umepinduka tangu ile asubuhi ulipokaa kwenye kiti chako cha plastiki pale gereji, ukasema unapumzika dakika tano tu, na hukuinuka tena.

Tunaanza na mazuri, maana Mama kasema tuanze na mazuri. Ulikuwa na roho ya kupenda watu. Bandung nzima hii, mwenye gari la zamani lililopasuka bampa alijua njia ya kuja kwako hata akiwa amefumba macho. Kahawa ulikuwa unainywa ikishapoa, ukipewa ya moto unaisubiri. Ulikuwa unaimba vibaya, na kwa sauti. Ukija kula, mikono inakuwasha kwa vumbi la nyuzi za kioo, unajikuna kwa uma, Mama anapiga kelele, "Engkus, huo uma wa wageni!" Nawe unajibu, "Basi nikune wewe."

Na ulimfundisha Dada Imas kazi. Hilo nalo tulikuwa tunalihesabu kwenye mazuri.

Alikuwa na miaka kumi na minne ulipompa brashi ya kwanza. Akajua kusugua kalibu kwa nta mpaka ing'ae, akajua kulaza faiba, zile nyuzi za kioo, bila kuacha povu hata moja, akajua kuinusa rizini, gundi ya kuzigandisha, na kusema, "Hii bado, Baba." Miaka tisa. Spoila zote zilizotoka gereji yako, vile vibawa vya mkia wa bata vya kufunga juu ya buti za magari ya spoti ya zamani, mikono ilikuwa ya Imas. Wewe ulikuwa unachukua tabaka la mwisho tu. "La mwisho niachie mimi," ulikuwa unasema. "Ndilo linaloweka jina."

Maana ulikuwa na desturi yako: kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kinalazwa chini ya tabaka la mwisho, rizini inakifunika, kisha unapiga rangi nyeusi juu yake. Hakitoki tena mpaka uisage spoila yenyewe. "Ni jina langu na lako, binti yangu," ulimwambia. "Hata gari likiungua, watakuta majivu na majina yetu."

Dada Imas alitembea na maneno hayo, Baba. Wasichana wa shule walipomcheka kwamba mikono yake inanuka gundi, aliwaambia, "Jina langu linakwenda kilomita mia kwa saa. Lenu liko kwenye daftari."

Sasa Jumapili iliyopita. Mama alisema kabla ya hitima ya Alhamisi tuifunge ile spoila mliyoitengeneza mwisho kwenye Datsun yako, ili watu wakija kukusomea Yasini walikute gari lako limekamilika. Akaja rafiki yako Bwana Tatang na wenzake, kila mmoja na mkweche wake unaong'aa. Akaja pia mdogo wako Oyo, baba yetu mdogo tunayemwita Mang Oyo, kachomekea shati.

Dada Imas alianza taratibu kama ulivyomzoesha. Akabandika tepu ya karatasi kwenye kifuniko cha buti, akatafuta katikati, akaiweka spoila juu, akarudi nyuma mpaka getini, akaangalia, akaja kuisogeza unene wa kucha. Akapima mara nne. Kisha akaipindua juu ya blanketi aifute upande wa chini kwa tina, ile dawa ya kusafishia rangi, kabla ya kupima nafasi za bolti. Hii ilikuwa haina rangi nyeusi, maana uliondoka hujaipaka. Tina ilipoilowesha rizini, ikawa angavu kama kioo. Akakiona kikaratasi.

"Engkus na Oyo."

Akafuta tena, akidhani ni uchafu. Ulikuwa mwandiko wako, ile E yako kama kitana kilichovunjika meno. Na tarehe. Siku hiyo anaikumbuka: mvua ilinyesha, rizini ikagoma kukauka, akakaa saa mbili ameishikia mashine ya kukaushia nywele. Mang Oyo alikuwa mji mwingine, Garut, harusini.

"Mang," akaita. "Njoo usome."

Mang Oyo akachuchumaa, akasoma midomo ikitembea. Akainuka akitafuta sigara mfukoni.

"Ah. Hii hakuipaka rangi."

"Ndilo unaloliona wewe?"

"Mwanangu, hayo si ya leo. Watu wapo."

"Na zile nyingine?"

Mang Oyo akaangalia sigara yake.

"Zote," akasema. "Toka ya kwanza. Baba yako alikuja mwenyewe akaniambia, Oyo, nani atakubali kufunga kitu cha msichana nyuma ya gari lake? Watasema kitang'oka barabarani. Niazime jina. Nikamwazima. Jina halina uzito, mwanangu."

"Halina uzito," Dada Imas akasema. "Mbona langu lilimshinda kubeba?"

Mama akatoka na sinia la bajia za kabichi. Akainama, akasoma. Na hakushtuka, Baba. Sisi watoto tulikuwa hatujui kitu, lakini Mama hakushtuka, na Dada Imas akaona kwamba hakushtuka.

"Alikuwa anakulinda," Mama akasema.

"Na nani?"

"Imas, nakuomba. Ifunge tu. Ikishakaa kwenye buti hakuna atakayekisoma."

"Ndiyo shida yenyewe, Mama."

Huko nje Bwana Tatang akapaza sauti, "Vipi, bibi harusi hajavaa mkia wake bado?" Wenzake wakacheka. Akaingia nao, akampiga Mang Oyo begani. "Na wewe fundi, kazi yako mwenyewe unamwachia mtoto?"

Fundi! Kumbe huko kwenye mikutano yao ya magari, miaka yote hiyo, Mang Oyo ndiye aliyekuwa anapewa mkono wa hongera kwa spoila zile.

Dada Imas akairudia spoila. Akapiga alama, akachukua drili, akatoboa kwa ncha nyembamba kwanza, kisha nene, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu, akalaza mpira, akaishusha spoila. Bolti zikaingia zote sita kama zinarudi nyumbani. Halafu akamnyooshea Mang Oyo spana.

"Bwana Tatang kasema kweli. Fundi amalizie."

"Imas, acha utani."

"Utani gani? Jina limo ndani."

Watu wakapiga makofi. Mang Oyo angefanyaje? Akaingia kichwa na mabega ndani ya buti, miguu nje kama chura. Nati ya kwanza akaipatia. Ya pili pia. Wewe ulikuwa unasema vidole kwanza, kisha robo ya mzunguko, basi. Faiba si chuma. Mang Oyo ya tatu akaikaza kama tairi la lori.

Tak!

Ufa ukatoka kwenye bolti mpaka ukingoni, urefu wa kiganja. Bwana Tatang akavua kofia.

"Oyo. Wewe umewahi kufunga hata moja?"

Mang Oyo hakutoka. Sauti yake ikaja kutoka ndani ya buti.

"Hata moja, Tatang. Wala kutengeneza. Ni huyu binti."

Wageni waliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipita kwa Dada Imas kwanza, wengine wakimshika mkono.

"Ulijua ataivunja," Mama alimwambia baadaye.

"Nilijua hajui."

"Kilikuwa kitu cha mwisho cha baba yako!"

"Kilikuwa changu, Mama."

Ndiyo hali yetu, Baba. Wageni uliowaogopa miaka tisa, dakika moja iliwatosha kujua, na hawakufa. Tungeweza kukasirika nawe ukiwa hai, tukanuniana wiki, ukaleta kahawa mbili zilizopoa, yakaisha. Sasa tukununie wapi?

Jumatatu Dada Imas alishusha kalibu, akatengeneza nyingine. Jana kaifunga, peke yake. Kikaratasi kimo, kinasema Imas Wiratma, na upande wa chini hakupaka rangi. Mama alimuuliza, "Na baba yako je?" Dada Imas akafunga buti kwa viganja viwili, taratibu, akasema, "Nafasi nimemwachia kando ya jina langu. Leo siwezi."

Hitima ni Alhamisi baada ya alasiri, nyumbani. Karibuni wote.

Unakumbukwa na mkeo Lilis. Wanao Imas, Dikdik na Wulan. Mama yako Nyi Rukmini. Na mdogo wako Oyo, aliyeomba jina lake liandikwe mwisho.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Kwa yote.