Moja, Mbili, Nne: Kwa Baba Yetu Ray Hogben, Mpiga Ngoma wa The Kerbstones

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoweka vijiti vyako vya ngoma juu ya friji, ukamwambia Mama unakwenda kujinyoosha dakika kumi. Dakika kumi hizo bado hazijaisha. Vijiti navyo viko palepale. Kila Ijumaa Mama anavinyanyua, anafuta vumbi chini yake, anavirudisha vilevile, kimoja kikiwa kimeelekea dirishani.

Tunakuandikia hapa kwa sababu huu wa matangazo ya vifo ndio ukurasa wa gazeti uliokuwa ukianza nao. "Ngoja nione kama nimo," ulikuwa ukisema, kisha unageuza upande wa mpira, unaona timu yetu imefungwa tena, unalikunja gazeti na kuliweka chini ya mguu wa meza. Mimi Kerry ndiye niliyeshika kalamu. Dean amesimama nyuma yangu anasahihisha, na Mama yuko jikoni akijifanya hasikilizi.

Watu wa mbali walikujua kwa ngoma. Sisi wa Gillingham tulikujua kwa mawe. Miaka thelathini na minne uliitumikia halmashauri ukipanga mawe ya ukingo wa barabara, kuanzia Rainham hadi Strood, na hatukuweza kwenda nawe dukani bila kusimamasimama njiani. "Hili nililiweka mimi. Hili jingine aliliweka mlevi." Tulipokuwa wadogo tuliona aibu. Siku hizi nikipita na gari napunguza mwendo, nayaangalia.

Ndiyo maana bendi ikaitwa The Kerbstones, Mawe ya Ukingo. Anko Nigel Akehurst, mwimbaji wenu na mpiga gita, alitaka jina lenye radi ndani yake. Ukamwambia, "Radi wewe umeionea wapi? Mimi nina mawe, nayajua, yapo." Anko Clive Tapsell wa gita la besi akasema yeye lolote tu, mradi mazoezi yaishe kabla chipsi hazijapoa. Basi mkaanza, vijana watatu katika gereji ya Bibi mwaka 1979, na milango mkaifunga ili jirani asisikie. Alisikia.

Jirani huyo, Bi. Fagg, aligonga ukuta kwa ufagio kila Alhamisi mlipofanya mazoezi. Na kila Jumatano, kwa miaka ishirini, wewe ndiye uliyemtolea pipa lake la taka hadi barabarani, mvua inyeshe isinyeshe. Hukumwambia mtu. Alipohamia makazi ya wazee alikuachia ule ufagio, ukiwa na utepe mwekundu.

Bendi yenu ilikuwa na sheria moja: hakuna kurudia. Wimbo unapigwa mara moja, kosa likitokea linakaa. "Asiyetaka makosa akasikilize saa ya ukutani," ulituambia. Sheria hiyo ndiyo iliyokuletea balaa lako kubwa, na balaa hilo likakupeleka duniani kote.

Ilikuwa mchana wa Oktoba 1981, katika ukumbi wa kanisa kule Chatham. Rafiki yenu alikuwa na mashine ya kurekodia, na utepe uliobaki ulitosha wimbo mmoja tu. Ukadhani mna dakika tano za kupumzika, ukajitilia shavuni nusu ya yai la kuchemsha lililolowekwa kwenye siki. Taa nyekundu ikawaka. Nigel akakutikisia kichwa. Ukahesabu kuanzisha wimbo, "Moja, mbili," pale penye tatu ukameza yai, "nne," na wote watatu mkaingia kwa kishindo kama kwamba hakuna kilichoharibika. Utepe ukaisha. Kosa likakaa.

Santuri iliyotoka na wimbo huo ilifika mahali ambapo ninyi hamkuwa mmefika bado. Barua zikaanza kuja kutoka Bilbao, Hamamatsu, Porto Alegre. Vijana waliokuwa wakijifunza muziki gerejini kwao waliisikiliza hadi ikachakaa, na kwa kuwa hawakujua habari ya yai, waliamini kwamba hivyo ndivyo roki ya gereji inavyohesabiwa. Bendi nyingi, Baba, mpaka leo zinaanza nyimbo zao kwa moja, mbili, nne. Ulipokwenda Japani mwaka 1997 ukawakuta wanafunzi wa shule wanahesabu hivyo, ulikaa chini kwenye ngazi ukacheka mpaka machozi. Nigel alikuomba uwaambie ukweli. Ukasema, "Nani, mimi? Wakianza kula mayai je?"

Mwaka 2006 kampuni moja ya London iliitoa upya santuri ile, na fundi wao, mtu makini sana, akaliona pengo, akakata "tatu" kutoka wimbo mwingine akaibandika pale. Santuri zilirudishwa kwa magunia. Tarishi mmoja wa Porto Alegre aliandika kurasa nne za masikitiko. Wewe ulimjibu kila aliyeandika, kwa mkono wako, ukitumia kalamu za halmashauri.

Lakini kuna jambo moja ambalo santuri haina, na waliokuja kuwaona jukwaani ndio wanaolijua.

Wiki mbili baada ya kurekodi mlipiga Jumapili mchana katika klabu ya wafanyakazi. Penye meza ya chai, kando ya lile birika kubwa, alikuwepo msichana anayeuza tiketi za bahati nasibu ya kushindania nyama, Yvonne, Mama yetu wa baadaye, uliyekuwa umemfahamu kwa wiki tatu. Kwa utani ukahesabu tena kama siku ile, "Moja, mbili," ukanyamaza. Yeye hakujua utani. Alidhani umesahau, akakuhurumia, akapaza sauti kutoka nyuma: "Tatu!" Ukumbi mzima ukageuka. Ukasema "nne," mkaingia, na wiki iliyofuata, ulipofika pale pale, ulinyamaza na kulitazama birika.

Hamkuacha tena. Zaidi ya miaka arobaini, popote mlipopiga, wewe ulihesabu na Mama akajaza. Jumapili aliyozaliwa Dean ulinyoosha mkono wa simu ya klabu juu ya jukwaa, na kutoka wodini Mama akasema "tatu" kwa sauti ambayo, kwa maelezo ya Anko Clive, ilikuwa na matusi ndani yake.

Ulipoondoka, Mama aliifunga gereji. Ngoma zako zilikuwa ndani, na ile stuli yako ya jikoni yenye mguu mmoja mfupi. Ufunguo akautia katika kopo la majani ya chai.

Mwezi wa pili Anko Nigel na Anko Clive wakaja. Walikaa kwenye kochi wamebana magoti, watu wazima wenye miaka sitini na kitu, utadhani wamekuja kuposa.

"Shemeji," Nigel akaanza, "tumekuja kuomba."

"Kama ni biskuti, zimekwisha."

"Si biskuti. Tunataka kupiga tena. Jumapili ya kutimiza mwaka, pale klabu. Maite yuko tayari kuja kukalia ngoma. Lakini wewe ukisema hapana, tunaifunga bendi, hutatusikia tena."

Maite unamjua, Baba. Ni yule msichana wa Bilbao aliyekuja mwaka 1994 kuipiga picha gereji yetu wakati Mama anaanika nguo. Mama alimwambia, "Ukitaka kupiga picha shuka zangu, nishikie kapu." Alilishika, na tangu siku hiyo amekuja kila kiangazi. Leo ana miaka hamsini na bendi yake mwenyewe.

Mama alikoroga chai yake muda mrefu, na haikuwa na sukari.

"Maite hana neno," akasema. "Ni mwanangu yule. Lakini nitakuja pale nifanye nini, Nigel? Mtu mwingine atahesabu, mimi nitasema tatu, nitakuwa namwambia nani?"

Clive akalia, akasingizia mafua.

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana," Mama akamaliza. "Mimi siji. Na ufunguo sitoi."

Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Maite alikuja na ngoma za kuazima. Stuli ya klabu ilikuwepo, lakini hakutaka kuikalia, akasema kama si ile ya Ray basi atapiga amesimama. Bango lilikuwa ukutani. Nyama ya bahati nasibu ilikuwa mezani: paja la kondoo, soseji, na kuku aliyeonekana hana furaha. Watu tisini walijaa. Dean alisimama kwenye birika badala ya Mama, anamimina chai nusu kikombeni, nusu sahanini.

Kwa heshima yako, Anko Nigel aliamua kuhesabu sawasawa. Alikuwa amejizoeza nyumbani. "Moja, mbili, tatu, nne," akasema, vizuri kabisa, na likawa janga. Clive alichelewa. Maite aliwahi. Nigel aliimba mstari mzima peke yake. Maisha yao yote hawakuwahi kuanza wimbo wakiwa na tatu iliyotoka jukwaani.

"Ya zamani, bwana," mtu akasema kutoka mezani. "Hesabu ya Ray."

Nigel akajaribu. "Moja, mbili," na pale wote watatu, kwa mazoea, wakageuza shingo kulitazama birika. Palikuwa na Dean na kijiko. Dean akawa mwekundu hadi masikioni. Neno lilikuwa mdomoni mwake, na mwangu pia, lakini si letu, halikutoka. Nigel akalivua gita lake, akaliegemeza ukutani.

"Basi, jamani," akasema. "Tumejaribu. Bendi imekwisha. Ahsanteni kwa miaka yote hii."

Nilikusikitikia, Baba. Nilisikitika kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile bendi ilikuwa bado ipo.

Ndipo mlango ukafunguka. Mama aliingia na koti lake la kijani, na kwapani stuli yako. Baadaye tulijua kwamba alikuwa nje ndani ya gari muda wa saa nzima, stuli imekaa kiti cha mbele, ameifunga mkanda.

"Nimewasikia mpaka nje," akasema. "Aibu tupu. Ray angerudi kazini kupanga mawe."

Watu walimpisha. Alipanda jukwaani, akaiweka stuli nyuma ya ngoma, akaitikisa kuijaribu.

"Kaa," akamwambia Maite. "Kupiga ngoma umesimama, wewe ni twiga? Ila usiegemee kushoto, itakumwaga. Na kesho mkachukue ngoma zake gerejini, hizo zenu zinalia kama makopo."

"Sina maneno, mama," Maite akasema.

"Hujaombwa maneno."

Akashuka, akarudi nyuma ya ukumbi, akamnyang'anya Dean kijiko, akasimama mahali pake kando ya birika. Nigel alikuwa amekwisha kulichukua gita.

"Shemeji, sasa nani anahesabu?"

"Shikeni vyombo."

Kisha Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema namba yoyote pale isipokuwa ile tatu, akahesabu. "Moja," akasema. "Mbili." Akatazama jukwaani, juu kidogo ya kichwa cha Maite, mahali kilipokuwa kichwa chako. Akafunga mdomo. Watu tisini walilijua neno linalofuata na hakuna aliyethubutu kulitamka. Birika lilisikika likichemka. "Nne," akasema Mama, na wakaingia, Baba, wakaingia kwa kishindo mpaka yule kuku akahama sahani.

Walipiga saa nzima. Clive alikosea mara saba, hakuna kilichorudiwa. Bi. Fagg, aliyeletwa na kiti chake cha magurudumu, aligonga sakafu kwa fimbo, na kwa mara ya kwanza alikuwa anagonga kwa mapigo. Soseji nilishinda mimi.

Jioni, tukiosha vyombo, nilimwuliza Mama kwa nini hakusema tatu, na sote tulikuwa tukiisubiri. Akakausha sahani nzima kabla ya kunijibu.

"Baba yako alijua kuhesabu mpaka nne, Kerry. Miaka yote hiyo alininyamazia pale ili nipate pa kusema. Mpaka jana, zamu ni ya nani? Sikujua. Leo nilijua ni zamu yangu kumnyamazia."

Bendi yako inaendelea. Mazoezi ni Alhamisi, gereji iko wazi, na jirani mpya ameshalalamika.

Wanaokukumbuka kwa furaha na kwa machozi kidogo ni mkeo Yvonne, wanao Kerry na Dean, mkwe wako Sunita, mjukuu wako Elsie, anayehesabu vidole vyake moja, mbili, nne na kumtia mwalimu wake wasiwasi, dada yako Pauline, ndugu zako Nigel na Clive, Maite Urrutia na wenzake wa Bilbao, na Bi. Fagg, anayetaka ufagio wake urudishwe.

Humu nyumbani hakuna siku itakayopita bila kukutaja, Baba. Moja, mbili, ... nne.