Kunde Zilizolala

Dada mpenzi,

Huku hatujambo, shemeji yako anakusalimu. Pale maabara tumezinyima kunde maji siku kumi na mbili, tuone kama bakteria wa udongo watazisaidia kuhimili ukame. Jumanne nilirudi kazini kutoka hospitali, nikakuta zenye bakteria bado zimesimama, nyingine zimelala. Nikazimwagilia zilizolala.

"Nani kaniharibia jaribio?" mkuu wetu akauliza kesho yake.

"Mimi. Roho ilikataa kuziacha vile."

Alinitazama, kisha akauliza daktari alisemaje.

"Uvimbe unatolewa Alhamisi ijayo."

"Basi kapumzike. Ukirudi tutapanda upya."

Mama sijamwambia. Njoo wewe, dada. Nataka nikifumbua macho nikuone.

Ni mimi mdogo wako